Tambi za Tanuri za Mji wa Hamar

Mji wa Mogadishu umejengwa ukingoni mwa Bahari ya Hindi, juu ya mchanga mweupe na mawe ya matumbawe. Wenyeji wake aghalabu huuita Hamar. Katika mitaa yake ya kale, Hamar Weyne na Shangani, vichochoro ni vyembamba, kuta zilipakwa chokaa, na misikiti mingine imesimama tangu karne ya 13. Ni mji wa wafua dhahabu, wafuma nguo na mabaharia, ndugu wa damu wa Lamu, Mombasa na Zanzibar.

Saa za adhuhuri, swala ikiisha na maduka yakifungwa, harufu ya chakula hutoka madirishani. Harufu hiyo ni ya nyama, vitunguu na bizari, kama ilivyo katika kila mji wa pwani. Lakini chunguni mara nyingi si wali unaochemka, bali ni tambi. Na siku ya wageni, au ya Idi, au jioni ya futari, tambi hizo hutolewa chunguni, zikapangwa sinianiani pamoja na nyama na jibini, zikaokwa katika tanuri mpaka uso wake ukawa wa rangi ya dhahabu. Chakula hicho huitwa baasto foorno, yaani tambi za tanuri.

MEZA YA KALE

Msafiri Ibn Battuta alifika Mogadishu mwaka 1331, akaandika habari za chakula alichokirimiwa. Alisimulia wali uliopikwa kwa samli, uliomiminiwa mchuzi wa nyama, kuku, samaki na mboga. Alizitaja ndizi mbichi zilizopikwa katika maziwa, na achari ya ndimu na pilipili, tangawizi mbichi na maembe. Alistaajabu kuona jinsi watu wa mji ule walivyokula kwa wingi. Tambi hakuzitaja. Zilikuja baada ya karne nyingi, nazo hazikuja kwa ukarimu.

Zililetwa na Waitalia, waliojipenyeza katika pwani ile tangu mwisho wa karne ya 19 na kuitawala hadi mwaka 1941, walipoondolewa na Waingereza vitani. Mwaka 1950 walirudi kwa amana ya Umoja wa Mataifa, mpaka uhuru wa tarehe 1 Julai, 1960. Kando ya mto Shabelle walifungua mashamba makubwa ya miwa, pamba na ndizi. Mtoto mmoja wa ukoo wa kifalme wa Italia, Mtawala wa Abruzzi, alianzisha kijiji cha kilimo mahali paitwapo leo Jowhar mwaka 1920, na akafia huko mwaka 1933. Katika enzi ya Mussolini, wakulima wengi wa bonde la Shabelle walishurutishwa kufanya kazi katika mashamba ya walowezi. Ndizi waliyoipanda ilipelekwa Italia kwa meli. Unga wa ngano na tambi vikaja kwa njia ya bahari hiyo hiyo.

Leo Msomali hula tambi akaweka ndizi mbivu kando ya sahani, akaimega kidogo kidogo pamoja na kila tonge. Mgeni hushangaa kuona tamu na chumvi katika kinywa kimoja. Lakini sahani hiyo ni historia kamili: upande mmoja umekaa alicholeta mtawala, na upande wa pili umekaa jasho la mtawaliwa.

MANENO YALIYOBAKI JIKONI

Lugha ni ghala. Kilichoingia nyumbani huacha jina lake mlangoni. Kwa Kisomali tambi ni baasto, rojo la nyanya ni suugo, tanuri ni foorno, na uma ni fargeeto. Yote hayo yametoka katika Kiitalia. Lakini maziwa ni caano na samli ni subag, nayo ni maneno ya Wasomali wenyewe, kwa kuwa vitu hivyo walikuwa navyo tangu zama za mababu.

La kustaajabisha ni jibini. Taifa la wafugaji, lenye ngamia kwa mamilioni, limeazima jina la jibini: farmaajo. Sababu yake imo katika maziwa yenyewe. Maziwa ya ngamia hayagandi kwa urahisi kama ya ng'ombe au mbuzi. Donge lake ni laini, hukatika upesi na halikamuliki vizuri. Kwa hiyo mfugaji wa Kisomali huyanywa mabichi au huyachachusha, na hakuwa na haja ya kutengeneza jibini. Neno hilo limepata hata kuwa jina la mtu mkubwa: Mohamed Abdullahi Mohamed, Rais wa Somalia tangu mwaka 2017 hadi 2022, hujulikana na wote kwa lakabu ya Farmaajo, ambayo inasemekana aliirithi kwa baba yake aliyependa sana jibini.

Lakini akina mama wa Hamar hawakuchukua chakula cha mgeni kikavu kikavu. Ndani ya suugo walitia xawaash, ambayo hutamkwa hawaash kwa h ya kooni, nayo ni mchanganyiko wa bizari nyembamba, giligilani, pilipili manga, manjano, iliki, mdalasini na karafuu, vitu ambavyo majahazi yalivileta pwani hii kabla Mwitalia hajaijua. Nyama ikawa ya ng'ombe, mbuzi au ngamia. Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Mama wa Hamar hakuiacha asili, bali aliitia ndani ya chakula cha mtawala hata kikawa chake.

NJIA YA BARAWA

Kwa jamaa za askari wa Uganda, habari za Mogadishu si habari za mbali. Kikosi cha kwanza cha Uganda kiliwasili huko Machi 2007, chini ya Umoja wa Afrika, wakati mji ulipokuwa umegawanyika mtaa kwa mtaa. Agosti 2011 wapiganaji wa Al-Shabaab waliondoka katikati ya mji, na maduka ya Hamar Weyne yakaanza kupakwa rangi tena.

Kutoka Mogadishu, njia ya kusini-magharibi hufuata nchi ya ndizi ya bonde la Shabelle, kisha huteremka pwani hata Barawa, mji uliotwaliwa na majeshi ya Somalia na ya Umoja wa Afrika Oktoba 2014. Huko askari anayejua Kiswahili hupata jambo la kumtuliza moyo: wenyeji wa asili wa Barawa husema Chimwini, lugha iliyo ndugu wa Kiswahili, na maneno yao mengi huingia sikioni bila mkalimani. Lakini katika bonde hilo hilo ipo Buulo Mareer, ambako kambi ya Uganda ilishambuliwa tarehe 26 Mei, 2023, na Rais Museveni akatangaza kwamba askari 54 waliuawa. Katika nyumba nyingi jina hilo si nukta ya ramani. Ni kiti kilichobaki kitupu mezani.

Wasomali nao wanavijua viti vitupu. Serikali yao ilipoanguka Januari 1991, maelfu ya watu wa Hamar na Barawa walikimbia, wengine kwa mashua hadi Mombasa, wengine hadi Eastleigh ya Nairobi na Kisenyi ya Kampala. Nyumba haikubebeka, wala tanuri. Kilichobebeka ni kipimo cha bizari katika kiganja cha mama. Hivyo wako vijana waliozaliwa ugenini ambao hawajapata kuiona Hamar, lakini huijua kwa sinia lile la siku ya Idi.

KUPIKA NYUMBANI

Chakula hiki chaweza kupikwa katika nyumba yoyote ya kambini, hata pasipo tanuri ya umeme. Kwa watu sita yatakiwa haya: makaroni manene yenye tundu gramu 500, nyama ya kusaga gramu 500, vitunguu maji 2, vitunguu saumu punje 4, nyanya mbivu 6, nyanya ya kopo vijiko vikubwa 2, bizari zilizotajwa juu, zilizokaangwa kidogo na kusagwa pamoja, kijiko kikubwa 1, siagi gramu 50, unga wa ngano gramu 50, maziwa mililita 600, jibini ya nyumbani ya lita 2 za maziwa, na jibini ya dukani gramu 100 ya kufunika juu.

Kwanza itengenezwe jibini ya nyumbani. Chemsha lita 2 za maziwa ya ng'ombe yasiyopunguzwa mafuta. Yakianza kupanda yaepue, utie maji ya ndimu vijiko vikubwa 4, ukikoroga polepole. Baada ya dakika chache yatakatika: mabonge meupe yatajitenga na maji ya rangi ya kijani hafifu. Yakikataa, ongeza kijiko kimoja cha ndimu. Chuja kwa kitambaa safi, ning'iniza kwa saa 1, kisha tia chumvi kidogo. Jibini ya namna hii haiyeyuki motoni. Ndiyo maana hukaa katikati, na ile ya dukani, inayoyeyuka, huwekwa juu.

Pili, suugo. Kaanga vitunguu mpaka vilainike, tia vitunguu saumu, bizari, kisha nyama. Ikibadilika rangi tia nyanya zilizokatwa na ya kopo, chumvi, na uiache ichemke kwa moto mdogo nusu saa. Iwe nzito, lakini isikauke.

Tatu, mchuzi mweupe. Yeyusha siagi, tia unga, koroga dakika 2 bila kuuacha ugeuke rangi. Tia maziwa kidogo kidogo, huku ukikoroga bila kupumzika ili usifanye madonge. Ukishika mgongo wa mwiko, umeiva.

Nne, chemsha makaroni katika lita 5 za maji yenye chumvi, uyaepue dakika 3 kabla ya wakati ulioandikwa katika pakiti. Hapa ndipo wengi hukosea: makaroni yaliyoiva kabisa chunguni yatakuwa uji tanurini, kwa kuwa huendelea kunywa mchuzi.

Sasa panga. Paka sinia siagi. Changanya makaroni na suugo. Tandaza nusu yake. Juu yake tandaza jibini ya nyumbani yote. Funika kwa makaroni yaliyobaki. Mimina mchuzi mweupe. Nyunyiza jibini ya dukani. Oka kwa joto la digrii 180 kwa dakika 30 hivi. Asiye na tanuri atatumia sigiri: sufuria kubwa yenye mchanga mkavu chini na mawe matatu ya kutegemeza sinia, moto mdogo chini, na makaa mengi juu ya mfuniko wa bati. Kwa njia hiyo hungojwa dakika 40 au 45. Sigiri isiwekwe chumbani pasipo hewa, maana moshi wa makaa huua.

Likitoka, sinia lisikatwe mara moja. Liache dakika 15, lishikamane. Ndipo likatwe vipande vya mraba na kuandaliwa pamoja na ndimu na ndizi mbivu.

NENO LA MWISHO

Katika Hamar sinia huwekwa katikati, na kila mmoja hula upande unaomwelekea. Mkono hauvuki kwenda mbele ya mwenzake. Mgeni husogezewa kipande cha katikati, penye jibini nyingi. Nyumbani mwa askari, ambako mara nyingi mmoja yuko safarini, desturi nyingine ya wahenga wa pwani yafaa kukumbukwa: kipande kimoja huwekwa kando na kufunikwa kwa sahani. Akirudi yule aliyengojewa, atakikuta. Na akichelewa, jirani mwenye mlango wa upande wa pili atagongewa.