Barua kwa Mpwa Wangu Kuhusu Hedi ya Pikipiki

Mpwa wangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeupata kwa mama yako alipopita hapa kuchukua mbegu. Issuna tuko salama, upepo ni uleule wa kutikisa mabati, na alizeti za bondeni zimeanza kuinamisha vichwa. Nimeelewa unachotaka: nikupeleke kwa fundi wa leith mjini Singida, hedi ya pikipiki yako ichongwe milimita moja, kampresheni ipande, ili ukipakia abiria na gunia isikate pumzi mlimani. Ukaongeza kwamba baada ya mavuno utashuka nayo Dar es Salaam. Hilo la mwisho ndilo lililonikosesha usingizi.

Sijawahi kukusimulia habari ya pikapu. Nilipokuwa na umri karibu na wako, mfanyabiashara mmoja wa huku aliniletea pikapu yake ya petroli, akilalamika kwamba imelegea. Nikapeleka hedi ikachongwa milimita moja na nusu. Nilipoifunga, gari liliitika vizuri kuliko lilivyotoka dukani, na kwa miezi miwili watu walinisifu barabara nzima hadi Ikungi. Kisha mwenye gari akapakia madumu ya mafuta ya alizeti akaelekea pwani. Akashuka Kilimatinde, akapita Dodoma, Gairo, Morogoro. Kabla ya Chalinze injini ikaanza kulia kama kokoto ndani ya debe, naye akakanyaga mafuta zaidi akidhani ni uzito wa mzigo. Alirudi kwa basi. Aliniwekea pistoni mezani, imefungwa kwenye gazeti, ina tundu la kupitisha kidole, wala hakusema neno. Nililipa ng'ombe wawili, na ilikuwa haki yake.

Ilinichukua muda kuelewa nilichokosea, kwa sababu hapa gari halikugonga hata siku moja. Uwanda wetu huu uko kiasi cha mita 1,500 juu ya bahari. Hewa ya huku ni nyepesi: mgandamizo wake ni kama asilimia 85 ya ule wa pwani. Silinda inapovuta hapa, inajaza pungufu, na kinachobanwa na pistoni ni kidogo. Basi hedi iliyochongwa kupita kiasi hujificha huku juu. Ukiishusha pwani, silinda inajaa hewa kamili, joto la huko nalo linaongezeka, na ule mchanganyiko wa petroli na hewa ulioko pembeni unajilipua wenyewe kabla moto wa plagi haujaufikia. Huko ndiko kugonga. Huvunja ringi, hutoboa pistoni, hula gasketi. Mimi niliijaribu injini Issuna, yeye akaenda kuitumia Chalinze.

Sasa tupige hesabu ya pikipiki yako, kwa kuwa najua hutaniamini kwa masimulizi tu. Injini yake imefuata muundo wa Honda CG125: silinda ina kipenyo cha milimita 56.5, pistoni inatembea milimita 49.5, jumla sentimita za ujazo 124. Ukiwa na uwiano wa kampresheni wa 9 kwa 1, chumba cha kuchomea ni kama sentimita za ujazo 15.5. Ukichonga milimita moja, na mdomo wa chumba ukiwa na upana wa silinda, unaondoa 2.5. Inabaki 13, na uwiano unapanda hadi karibu 10.5. Inaonekana ni kubwa. Lakini ukifuata kanuni ya nadharia ya injini ya petroli, faida yake ni kama asilimia 4 tu, na barabarani utapata chini ya hapo. Mwinuko umekunyang'anya asilimia 15 ya hewa. Kisu cha leith hakirudishi hewa, mpwa wangu.

Tena injini hiyo inafungua valvu kwa vijiti virefu vinavyotoka chini. Ukishusha hedi milimita moja, vijiti vinakuwa virefu kuliko nafasi yake, uwazi wa tapeti unatoweka, valvu haikai sawasawa na inaungua. Skrubu ya kurekebishia ina mwisho wake.

Nafahamu wapo wazee wanaokuambia kwamba zamani walichonga bila woga. Wanasema kweli, ila petroli yao ilikuwa na risasi, iliyogunduliwa Marekani mwaka 1921 kuwa inazuia kugonga. Ilikuwa sumu kwa watoto wetu, na kufikia 2006 nchi za Afrika kusini ya Sahara zilikuwa zimeiacha. Siku hizi petroli inapata nguvu ya kuzuia kugonga kwa njia nyingine. Lakini wewe unanunua wapi? Mara nyingi kwenye chupa kando ya barabara. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba, yaani alama za utambuzi, kwenye mafuta mwaka 2010 kwa sababu watu walikuwa wakichanganya petroli na mafuta ya taa, na mafuta ya taa hugonga hata kwenye injini ambayo haijaguswa. Ukiwa umeshabana chumba, chupa moja mbaya inatosha kukuharibia.

Nataka ufanye hivi. Kwanza pima kampresheni kwa geji injini ikiwa ya moto na mkono wa mafuta umezungushwa hadi mwisho. Ikiwa chini, dondoshea mafuta kidogo ya injini ndani ya silinda kisha upime tena: ikipanda, ni ringi, isipopanda, shuku valvu au gasketi. Nadhani kwako ni valvu, kwa sababu umeniambia asubuhi inasumbua kuwaka. Tuzisage, tubadilishe na sproketi ya nyuma kwa yenye meno mawili au matatu zaidi. Mwendo wa juu utapungua kidogo, lakini kilima utakipanda na gunia lako. Kuchonga nitakubali kwa sababu moja tu, hedi ikiwa imepinda. Tutaweka rula ya chuma juu yake na fila geji chini ya rula, na tukikuta imezidi kikomo cha kitabu tutaondoa kiasi cha kuinyoosha tu, halafu tutapima chumba kwa bomba la sindano na mafuta kabla ya kufunga.

Njoo Jumamosi asubuhi, usiifungue hedi peke yako. Geji nimeshaiazima, na unga wa kusagia valvu ninao. Mama yako mwambie asipike, shangazi yako ameshachagua kuku.

Mjomba wako,
Issuna