Shule Inapofungwa, Nani Aulizwe?

Wapo wasomi wanaosema kwamba elimu si jambo la kupigiwa kura. Shule, wanasema, ziendeshwe na wenye ujuzi. Nimefundisha na kuongoza shule karibu maisha yangu yote, na hoja hiyo ingepaswa kunifurahisha, maana inanisifu. Lakini mambo yaliyotokea katika mji wa Chicago, huko Marekani, yananifanya niikatae.

Mwaka 1995 sheria ya jimbo la Illinois ilimpa meya wa mji huo mamlaka ya kuteua bodi ya shule za umma pamoja na mtendaji wake mkuu. Nia ilieleweka: shule zilikuwa na hali mbaya ya fedha, na watu walitaka awepo mtu mmoja wa kubeba lawama. Mwaka 2013 bodi ya wateule ikaamua kufunga shule zipatazo 50 kwa mkupuo, nyingi zikiwa katika mitaa ya watu weusi. Huenda baadhi zilistahili, kwani watoto walikuwa wamepungua. Lakini wazazi walifurika mikutanoni, wakapinga, wakasihi, na wajumbe hawakuwa na sababu ya kuwaogopa, kwa kuwa hakuna aliyekalia kiti kwa kura yao. Mwaka huohuo bodi iliidhinisha mkataba wa zaidi ya dola milioni 20, bila zabuni, wa kuwafunza wakuu wa shule. Mwaka 2015 aliyekuwa mtendaji mkuu alikiri mahakamani kosa la udanganyifu juu ya mkataba huo. Wenye ujuzi walikuwa wapi?

Ajabu ni kwamba Chicago hiyohiyo ilikwisha kuwaamini wazazi. Sheria ya 1988 iliunda baraza katika kila shule, ambamo wazazi sita huketi pamoja na wakazi wa mtaa, walimu na mkuu wa shule, na baraza hilo ndilo humchagua mkuu huyo. (Mimi nilifika shuleni kwa barua, nikahamishwa kwa barua, wazazi walisikia habari zote mbili baadaye.) Basi mzazi anayeaminiwa kumchagua mkuu wa shule, kwa nini asimchague anayeweza kuifunga shule yenyewe?

Wapinzani husema uchaguzi huleta siasa na fedha. Fedha zililetwa kweli: mwaka 2024, wakazi walipochagua wajumbe 10 kati ya 21, chama cha walimu na watetezi wa shule za mkataba walishindana kumwaga mapesa. Lakini uteuzi nao haukufukuza siasa. Oktoba mwaka huo, wiki chache kabla ya kura, wajumbe wote saba walioteuliwa na meya walitangaza kujiuzulu, katikati ya mvutano wa meya na mtendaji mkuu kuhusu mkopo. Sheria imepanga viti vyote 21 vigombewe Novemba 2026.

Linalonisumbua ni jingine. Katika mabaraza ya shule, mzazi mhamiaji asiye raia hupiga kura kama wenzake. Katika kura ya bodi ya 2024 hakuruhusiwa. Mwanawe, hata hivyo, yumo darasani, na shule yake ikifungwa atatembea mwendo uleule na watoto wa raia.