Pikipiki Mbili na Deni la Zamani

Ndugu msomaji, huenda ukastaajabu kumwona mtu wa umri wangu, ambaye kazi yake tangu ujana ni kusomesha watoto, akikuandikia leo habari za pikipiki. Nami nakiri kwamba sikupata kufikiri kuwa siku moja nitakaa kuandika juu ya matairi na minyororo. Lakini jambo lililonipata lilianza na pikipiki na likaisha mahali pengine kabisa, na nisipolieleza lilivyokuwa, faida yake itapotea.

Mwezi wa Januari 2023 nilikwenda Maskati kumzuru ndugu yangu wa kike, ambaye aliolewa huko akakaa huko. Mwanawe wa kwanza, kijana wa miaka thelathini na kitu, anafanya kazi ya hesabu katika duka la vifaa vya ujenzi. Siku ya pili baada ya kufika kwangu, tumeketi baada ya chakula cha usiku, akanisogelea kwa adabu.

"Mjomba," akanambia, "nina jambo nataka shauri lako. Nataka kununua pikipiki kubwa ya safari. Nimeziona mbili, zote zimetumika, na moyo wangu umegawanyika."

Nikamjibu, "Mwanangu, mimi najua nini katika hizo?"

"Mama amenambia ulikuwa nayo zamani, ukienda nayo kusomesha shamba."

Moyo ukanishtuka kidogo, nikanyamaza. Sababu yake nitaieleza mbele.

Kijana alikuwa na nia njema. Alitaka kumchukua mkewe mpaka Salala wakati wa kharifu, yaani miezi ya Juni hadi Septemba, mvua nyepesi na ukungu vinapoifanya milima ya Dhofar kuwa kijani hali ya kuwa sehemu nyingine za Omani zinaungua kwa jua. Kutoka Maskati hadi Salala ni kama kilomita 1,000, na sehemu kubwa ya njia, ukisha kupita Nizwa na Adam, ni jangwa tupu, na katikati yake ndipo palipo na mji mdogo wa Haima. Pikipiki ya kwenda sokoni haiwezi safari hiyo. Wenye mapenzi ya mambo haya wana aina yake khasa: ina nguvu na wepesi kama ile ya mashindano, lakini kiti chake kimetengenezwa ili mtu akae mchana kutwa, na mbele ina kioo cha kukinga upepo.

Ya kwanza ilikuwa Honda VFR800 ya mwaka 2007, nyekundu. Injini yake ina silinda nne zilizopangwa kwa umbo la herufi V, na kila silinda hutumia valvu mbili katika mwendo wa pole, kisha mizunguko inapopita kama 6,500 hadi 7,000 kwa dakika hufunguka zote nne, na sauti ikabadilika. Uzito wake ni kama kilo 240 pamoja na mafuta. Nguvu yake hupelekwa kwenye tairi la nyuma kwa mnyororo.

Ya pili ilikuwa Yamaha FJR1300 ya mwaka 2008, rangi ya fedha. Injini yake ni ya 1,298 cc, silinda nne zimejipanga safu moja, na tangi lake linachukua lita 25. Haina mnyororo. Ina shafti, ambayo haitaki kukazwa wala kupakwa mafuta kila mara, na hiyo ni nafuu kubwa kwa mtu apitaye kwenye mchanga. Lakini uzito wake unakaribia kilo 290, na injini yake humpa mpandaji joto la miguuni, jambo ambalo katika kiangazi cha Omani si dogo.

Nikamwambia, "Kwanza usiniulize ipi nzuri. Niambie wewe ni nani, unakwenda wapi, na unakwenda na nani." Kwani mtu anayechagua kabla ya kujua haja yake huchaguliwa na macho yake. Yeye ni mwembamba, si mrefu. Kwa mwili wake ile nyekundu ilimfaa zaidi. Kwa safari yake, na mke nyuma na mizigo ubavuni, ilimfaa ile ya fedha. Basi shaka yake ilikuwa ya haki. Moyo wake, lakini, sikuona kwamba umegawanyika. Ulikuwa umeshakwenda kwenye nyekundu.

Tukaenda kuiona, Sib. Mwenyewe alitupokea vizuri kwa kahawa na halua. Pikipiki iling'aa kama imetoka kiwandani jana. Kijana akaizunguka kama mtu aliyepagawa, nami nikaikaribia nikaweka kiganja karibu na injini. Ilikuwa na moto. Nikajua kwamba imewashwa kabla ya sisi kufika, na injini yenye ubovu huonyesha ubovu wake khasa inapowashwa ikiwa baridi.

Nikainama kwenye tairi. Ubavuni mwa tairi pana tarakimu nne za mwisho ndani ya duara dogo: mbili za kwanza ni wiki, na mbili za pili ni mwaka. Niliona 2315, yaani lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2015. Miaka saba imepita, na joto la nchi zile hukausha mpira hata kama mistari yake bado mirefu. Kisha nikaona kwamba kioo cha kulia ni kipya na cha kushoto kimefifia. Ncha ya usukani ya kulia ni mpya, ya kushoto ya zamani. Na kikanyagio cha kulia kimepigwa tupa kikapakwa rangi. Ukiona upande mmoja tu umefanywa upya, jua kwamba upande huo umekutana na ardhi.

Nikamwuliza yule bwana kwa upole, "Je, imewahi kuanguka?"

"Hata siku moja, sheikh."

Nikamwonyesha kikanyagio. Akacheka. "Mimi nauza kama ilivyo. Mnunuzi ana macho, atazame mwenyewe."

Hapa nataka tusimame, ndugu msomaji, kwa sababu neno hili la "kama ilivyo" limeenea hata kwetu. Wengi hudhani kwamba ukilitamka umesalimika. Tulivyosoma kwa masheikh zetu, muuzaji anayeijua aibu ya kitu chake ni wajibu wake kuibainisha, na kusema kwamba amejitoa katika aibu zote hakumtoi katika ile aliyoijua akaificha. Mnunuzi akiigundua ana khiyari ya kurudisha. Kisa cha chakula kilichokuwa kikavu juu na majimaji chini, katika soko la Madina, watoto wa chuo wote wanakijua. Pikipiki iliyopakwa rangi upande mmoja ni chakula kile kile.

Tukaondoka. Kijana alinuna njia nzima.

Siku ya pili yake tukaenda kuiona ile ya fedha. Mwenyewe ni mzee aliyestaafu. Kiti kimechanika, na mita imesoma kilomita 61,000. Injini ilikuwa baridi kama jiwe. Kabla hatujauliza neno, yule mzee akatoa karatasi aliyoiandika kwa mkono: shokapu ya mbele ya kushoto inavuja mafuta, klachi imekuwa nzito, valvu zilikaguliwa mara moja tu, zilipotimia kilomita 42,000 kama inavyotakiwa, na iliwahi kuanguka ikiwa imesimama, nyumbani, mkwaruzo ni huu hapa. Akatupa na risiti. Tukalinganisha namba ya chesisi na ile ya kwenye mulkiya, zikawa sawa. Bei yake ilikuwa riyali 1,400, zaidi ya nyekundu kwa riyali 200.

Nikamwambia mpwa wangu aishushe kwenye stendi na kuirudisha, mara tatu. Mara ya kwanza ilimshinda. Mara ya tatu aliweza, jasho linamtiririka. Nikamwambia, "Uzito unaoujua waweza kuuzoea. Lakini aibu usiyoijua utaizoea vipi?"

Akakubali. Nami nikadhani kazi yangu imekwisha.

Usiku ule akaja chumbani kwangu. Ili apate riyali 1,400 ilimbidi kwanza auze pikipiki yake ndogo, na mnunuzi amepatikana, kijana mfanyakazi anayetaka kuitumia kwenda kazini. Amekubali riyali 600. "Mjomba," akasema akitazama chini, "ilianguka katika wadi mwaka juzi. Fremu ilipinda kidogo, ikanyooshwa. Haionekani. Na yeye hakuniuliza."

Hakuniuliza. Neno hilo lilinipiga kifuani, kwa maana ni neno langu. Nimekaa nalo zaidi ya miaka thelathini.

Mwaka 1989 nilikuwa na pikipiki ndogo, nikiendea kusomesha katika vyuo vya shamba huko Unguja. Fremu yake ilipasuka chini ya kiti. Nikampelekea fundi akaichomea, akanambia, "Hii itakwenda, lakini usipakie mtu nyuma." Mwezi ule ule nikaipaka rangi nikamwuzia mwalimu mwenzangu, mtu mwenye watoto wanne. Hakuniuliza, nami sikusema. Baada ya miezi mitatu ilikatika katika barabara ya Chwaka, naye amempakia mwanawe. Mtoto alinusurika. Baba alivunjika mguu, na mpaka leo anachechemea. Nilikwenda kumtazama hospitali, nikachukua na machungwa. Nilikaa kwenye ubavu wa kitanda chake, nikamwombea dua, nikarudi nyumbani bila ya kusema. Miaka yote hiyo nimesomesha mlango wa biashara kila mwaka, na kila nikifika kwenye khiyari ya aibu, sauti yangu hushuka.

Nilimweleza mpwa wangu yote haya. Sikuwa nimemweleza mtu kabla yake, hata mke wangu. Hakunijibu kitu. Alinibusu mkono, akatoka.

Siku ya pili alimpigia simu yule mfanyakazi akamweleza habari ya fremu. Yule kijana akasema, "Basi nitakupa 450," na bei ikawa hiyo. Riyali 150 zimekwenda, na kwa mtu wa mshahara wa kadiri si kitu kidogo. Akaenda kwa yule mzee kumwomba samahani kwamba fedha hazijatimia. Mzee akamwuliza sababu, akaielezwa. Akasema, "Sitapunguza, maana bei yangu ni ya haki. Lakini nitakungojea mpaka mwisho wa mwezi wa tatu, wala sitaki arbuni." Mwezi wa tatu ukaisha, fedha zikatimia, pikipiki ikachukuliwa. Na mwezi wa Agosti wakaniletea picha, yeye na mkewe, wamesimama katika ukungu wa Salala, nguo zimelowa. Kiti bado kilikuwa kimechanika.

Ama mimi, nilirudi Unguja mwezi wa Februari, na wiki ile ile nikaenda kwa mwalimu mwenzangu. Nilimkuta barazani, fimbo yake pembeni. Baada ya salamu na kuulizana hali, nikamwambia nilichokuja nacho, tangu fundi mpaka machungwa. Alinisikiliza mpaka mwisho.

Kisha akasema, "Nilijua. Pikipiki ilipokatika, tulimpelekea fundi yule yule."

"Sasa mbona hukunambia miaka yote hii?"

"Nilikuwa nakungoja uje wewe."

Nilikuwa nimekisia tofauti baina ya thamani ya pikipiki nzima na ile mbovu, kwa thamani ya fedha za leo, na juu yake gharama za mguu kadiri nilivyoweza kuzikumbuka. Nikampa bahasha. Niliogopa asije akaikataa kwa ukarimu, nikarudi nayo nyumbani. Lakini aliifungua, akazihesabu noti moja moja mbele yangu, akatia mfukoni. Nikafurahi kwamba alizihesabu, kwa sababu mtu hahesabu sadaka mbele ya aliyempa. Huhesabu haki yake. Kisha akamwita mjukuu wake alete kahawa.

Ndugu msomaji, ukitaka kununua pikipiki iliyotumika, itazame ikiwa baridi, soma tarehe ya tairi, linganisha upande wa kulia na wa kushoto, na umtafute muuzaji anayekwambia ubovu kabla ya uzuri. Hayo ni mepesi, na hata mzee kama mimi ameyaweza. Lililo zito ni siku utakayokuwa wewe ndiye muuzaji, na mnunuzi amesimama mbele yako na fedha mkononi, wala hakuulizi.

Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.