Rangi Juu ya Kutu



Wengi mliniuliza sababu gani mwaka huu nilifika shuleni siku ine nyuma ya kengele ya kwanza. Kwa Bwana Perefe nilijibu paka hivi: "Kazi ya nyumbani." Haikuwa uongo, lakini haikuwa yote.

Baba mdogo wangu kule Kalemie iko na boti ya metre 6. Aliinunua kwa watu wa mradi mmoja uliofungwa, pamoja na remorki yake ya kuukuu. Boti ile njo inatulisha, nayo njo inalipa minervali yangu. Kila kiangazi, wakati upepo wa kusini unapiga ziwa Tanganyika na mawimbi yanakuwa makali, tunaivuta inje mpaka lupangoni, karibu kilometa 8 za barabara mbaya.

Mwezi wa nane baba mdogo aliniambia: "Mbele ya kurudia masomo, toa kutu kwa remorki, paka rangi." Kisha akaenda safari. Miye nilikuwa na haraka. Nilipangusa juujuu. Mahali patatu kutu ilikuwa imetoboa chuma; nikajaza mastiki, nikapaka rangi ya bluu mara mbili. Iling'aa kabisa! Majirani walinisifu, na miye nilijisifu, sifichi.

Baba mdogo aliporudi alimwita fundi mmoja mzee, afunge tu bulo ya taa. Mzee yule, mbele ya kugusa bulo, akatwaa nyundo na kugonga remorki kila mahali: ngo, ngo, ngo. Halafu: pu. Nyundo iliingia ndani.

"Weye mutoto, unapaka poda juu ya kidonda?"

Baba mdogo akaniuliza kama kuna pengine. Nikajibu: "Hapana, ni pale tu."

Fundi alitufundisha mingi siku ile. Chuma cha remorki ni kama bomba la pembe ine. Mayi yanaingia, hayapati njia ya kutoka, na kutu inakula toka ndani, wakati inje pangali pazuri. Alikata chuma kibovu mpaka alipofika kwa kizima, akaweka kingine kipya. Juu yake akafunga kipande cha kuongeza nguvu, kirefu kupita jeraha pande zote mbili. Ncha zake alizikata mshazari, juu ukichoma mstari ulionyooka kukatiza chuma, siku moja kitapasuka paka pembeni ya ule mstari. Alichoma kidogo huku, kidogo kule, akingoja kipoe, remorki isipindame. Mwisho akatoboa matundu madogo chini, mayi yatoke. Kwa miye ilikuwa ajabu: nilikuwa nafunga matundu, yeye anayafungua!

Usiku sikulala. Matundu mawili yalibaki upande wa kushoto, karibu na magurudumu, pale uzito wote unakaa. Niliona boti imeanguka barabarani, motere imevunjika, na watoto wa baba mdogo wanaangalia sahani. Lakini niliona tena kalendari ya shule. Asubuhi nikamwambia fundi. Hakunikaripia, alinipa burashi ya chuma, akasema: "Anza."

Umeme ulikatika siku mbili. Tukakodi grupu. Chuma, bageti za kuchomea, mafuta ya grupu: nusu ya feza za minervali yangu ilipita mule. Siku ya kengele ya kwanza miye nilikuwa chini ya remorki, kutu ndani ya macho.

Hatimaye tulishusha boti. Pwani, fundi alikataza kuingiza remorki ndani ya mayi papo hapo. Magurudumu yamepata moto njiani. Yakizama katika mayi baridi, hewa ya ndani inanywea na kuvuta mayi mpaka kwenye grese, na rulema zinaharibika. Basi tukakaa chini kungoja yapoe, miye na baba mdogo.

Nikamwuliza kama fundi alimwambia habari ya matundu yale mengine.

"Hapana," akasema. "Siku niliporudi nilikuta mukebe wa mastiki nyuma ya jiko, mutupu. Tundu moja haimalizi mukebe. Nilikuwa nakungojea."

Kisha akagusa gurudumu na mkono, akasimama kuita watu wa kusukuma.