Nyumba Iko Upande Gani wa Mto?

Mtu akipiga simu ofisini kwetu Cardiff akisema mwenye nyumba anamtoa, siulizi kwanza anadaiwa kodi ya miezi mingapi. Nauliza nyumba iko wapi. Ikiwa iko Bristol, nafungua sheria moja. Ikiwa iko Newport, ng'ambo tu ya Mto Severn, nafungua nyingine kabisa. Mwenye nyumba anaweza kuwa mmoja kwa nyumba zote mbili, fedha ni pauni zilezile, na majaji wa pande zote mbili wamo katika mfumo mmoja wa mahakama. Haki za mpangaji ndizo zinazobadilika.

Mimi ni wakili wa mambo ya nyumba. Nimezaliwa Unguja, sheria nimeisomea huku, na leseni yangu inanitambua kama wakili wa England na Wales, kana kwamba nchi hizo mbili ni chungu kimoja. Katika makala haya nikisema England nakusudia nchi hiyo peke yake. Nikisema Uingereza nakusudia muungano mzima, pamoja na Wales, Scotland na Ireland Kaskazini. Huko nyumbani tofauti hiyo huwa hatuijali. Kwangu mimi ndiyo inayoniweka mjini.

Wales iliwahi kuwa na sheria zake. Zilifungamanishwa na jina la mfalme Hywel Dda, aliyeishi karne ya 10, na zilitumika kwa mamia ya miaka. Kisha, kwa sheria mbili za zama za mfalme Henry VIII wa England, ya mwaka 1536 na ya 1543, nchi ikaingizwa katika mfumo wa England na Kiingereza kikawa lugha ya mahakama. Mwaka 1830 mahakama ya mwisho iliyokuwa ya Wales peke yake ilifutwa. Tangu hapo, sheria iliyotungwa kwa ajili ya Wales tu ilikuwa kitu cha nadra. Mojawapo ni ile ya 1881 iliyofunga vilabu vya pombe siku ya Jumapili.

Waliorudisha utungaji wa sheria Wales ni wapiga kura, nao nusura wasifanye hivyo. Septemba 1997, katika kura ya maoni ya kuipa Wales bunge lake, kura za ndiyo zilikuwa asilimia 50.3, zikizidi za hapana kwa 6,721 nchi nzima. Bunge lililoanza 1999 halikuweza hata kutunga sheria kamili. Lilijaza kanuni ndani ya sheria za Westminster, bunge la London. Sheria ya 2006 ililipa uwezo zaidi, ila kwa masharti: lilitunga sheria za namna yake baada ya kuomba idhini London, jambo kwa jambo. Machi 2011 wananchi waliulizwa tena, na safari hii asilimia 63.5 wakakubali litunge sheria kamili katika maeneo 20, nyumba na afya yakiwemo.

Mvutano haukuchelewa. Muswada wa kwanza uliopitishwa chini ya mamlaka hayo mapya, kuhusu sheria ndogo za halmashauri, ulipelekwa Mahakama ya Juu na Mwanasheria Mkuu wa serikali ya London. Novemba 2012 mahakama iliupa ushindi upande wa Wales. Mwaka 2014 Wales ilishinda tena, katika shauri la mishahara ya wafanyakazi wa mashambani. Mwaka uliofuata ilishindwa: muswada wa kuwatoza waajiri na bima zao gharama za kutibu magonjwa ya asbesto ulionekana umevuka mpaka. Sisi tulio mawakili wa kawaida tulizisoma hukumu hizo kwa makini, maana ndizo zilizotuonyesha bunge letu linaishia wapi.

Msomaji wa Tanzania ataufahamu upesi mfumo uliofuata. Katiba ya 1977 ina orodha ya Mambo ya Muungano, na kwa Zanzibar yasiyokuwemo ni ya Baraza la Wawakilishi. Tangu Aprili 2018 Wales nayo inakwenda hivyo: sheria imetaja mambo yaliyozuiliwa kwa Westminster, na yaliyobaki ni ya bunge la Cardiff, ambalo tangu 2020 linaitwa Senedd. Lakini kufanana kunaishia hapo. Zanzibar ina Mahakama Kuu yake, Wales haina. Vizuizi vya Wales vinakaribia 200, na miongoni mwake ni polisi, magereza, mahakama zenyewe, na ule umoja wa kisheria wa England na Wales ulioandikwa kwenye leseni yangu. Nchi inatunga sheria zake, kisha inazikabidhi kwenye mahakama zinazoendeshwa na serikali nyingine.

Jinsi hali hiyo inavyomgusa mtu inaonekana vizuri katika Sheria ya Ukodishaji Nyumba ya Wales ya 2016. Asili yake ni kichekesho. Tume ya Sheria ya England na Wales ndiyo iliyoandika mapendekezo na rasimu ya muswada, ikavitoa mwaka 2006 kwa ajili ya nchi zote mbili. Serikali ya London ikavikataa kwa upande wa England. Wales ikaviokota, ikavirekebisha, ikavifanya sheria. Dawa iliyopikwa kwa wagonjwa wawili ikanywewa na mmoja.

Hata hivyo ilianza kazi Desemba 2022 tu, miaka karibu saba baada ya kupitishwa. Usiku mmoja mikataba ya kupanga karibu yote ya Wales ikageuka kuwa mikataba ya aina mpya. Mwenye nyumba anatakiwa ampe mpangaji maandishi ya mkataba ndani ya siku 14 tangu ahamie. Akichelewa, anaweza kudaiwa fidia. Nyumba lazima ifae kukaliwa na binadamu, na kanuni zimeorodhesha mambo 29 ya kuangaliwa, kuanzia unyevu na ukungu hadi baridi. King'ora cha moshi kiwe kimeunganishwa na umeme wa nyumba katika kila ghorofa, na umeme ukaguliwe angalau kila baada ya miaka 5. Mwenye nyumba anayetaka mpangaji aondoke bila kutoa sababu ampe notisi ya miezi 6, na hawezi kuitoa notisi hiyo ndani ya miezi 6 ya mwanzo. Kwa hiyo anayehamia leo ana mwaka mzima wa kukaa, maadamu analipa kodi na havunji mkataba. Wakati sheria hiyo inaanza, mpangaji wa Bristol aliweza kupewa notisi ya miezi 2.

Kwenye karatasi ni safi. Ofisini mambo ni mengine. Baba mmoja mwenye asili ya Mombasa, anayekaa Newport, alikuja na bahasha akaniambia, "Mwanangu, haya makaratasi yasema nitoke." Ndani yake mlikuwa na notisi ya miezi 2 iliyotaja sheria ya mwaka 1988, ile ambayo kwa nyumba za Wales za aina yake ilikuwa imekwisha kazi. Wakala wa nyumba, ambaye ofisi zake kuu ziko England, alikuwa amechapa fomu anayoitumia kila siku. Mzee alikuwa ameanza kufunga vitu kwenye maboksi, na mwanawe amemtafutia chumba kwa jamaa.

Nilimwambia, "Baba, fungua maboksi." Kesi ilipofika Mahakama ya Kaunti, wakili wa upande wa pili alianza kuieleza notisi yake vizuri sana, kifungu baada ya kifungu, mpaka jaji alipomuuliza nyumba iko wapi. Madai yakatupwa. Mwenye nyumba akalazimika kuanza upya: ampe mzee maandishi ya mkataba, arekebishe usajili wake kwenye rejista ya Rent Smart Wales, ambao kila mwenye nyumba ya kupangisha Wales anatakiwa awe nao, ndipo ahesabu miezi 6.

Sikusimulia kisa hicho kwa ajili ya kumcheka wakili yule. Alisomea sheria ya nchi mbili kwa kitabu kimoja, kama nilivyosomea mimi. Ninalosema ni kwamba mzee angeondoka, na sheria iliyotungwa kwa ajili yake ingebaki kwenye rafu. Katika nchi yenye mahakama zake, majaji, vyuo na chama chake cha mawakili, vyombo hivyo huibeba sheria hata pale mwananchi asipoijua. Sheria ya Wales haina wabebaji wa namna hiyo. Kila mara inategemea mtu fulani chumbani akumbuke kuuliza swali la jiografia.

Na kuipata si rahisi. Kwa miaka mingi sheria moja ya Westminster imekuwa ikirekebishwa na mabunge mawili, kila moja kwa upande wake, hadi kifungu kimoja kina sura ya England na sura ya Wales, na msomaji asiyekuwa mwangalifu anachukua ile ya kwanza aionayo. Mwaka 2016 Tume ya Sheria iliandika ripoti nzima kuhusu ugumu huo. Senedd ikajibu kwa sheria ya 2019 inayoilazimisha serikali ya Cardiff kuwa na mpango wa kuzifanya sheria zifikike, na kazi ya kukusanya vipande imeanza: ya kwanza ni Sheria ya Mazingira ya Kihistoria ya 2023, iliyoweka pamoja ulinzi wa magofu na majengo ya kale. Sheria hiyohiyo ya 2019 inasema maandishi ya Kiwelshi na ya Kiingereza yana nguvu sawa. Mtanzania anayekumbuka mwaka 2021, Kiswahili kilipofanywa lugha ya sheria na mahakama, ataelewa uzito wake. Kiingereza cha kifungu kikinitatiza, namgeukia mwenzangu asomaye Kiwelshi. Mara nyingi utata unapungua, kwa sababu waandishi walilazimika kuamua maana kabla ya kuiandika mara mbili.

Mwaka 2019 tume iliyoongozwa na Lord Thomas wa Cwmgiedd, aliyewahi kuwa Jaji Mkuu wa England na Wales, ilitoa mapendekezo 78 na kutaka masuala ya haki yote yahamishiwe Cardiff. Tume nyingine, iliyoongozwa na Rowan Williams na Laura McAllister, ilirudia rai hiyo Januari 2024. London haijakubali. Wenzangu wengi wanaogopa gharama, na wanaogopa mawakili wakubwa watakimbilia England. Hofu hizo nazielewa. Lakini naona gharama ya sasa inalipwa na watu kama yule mzee, na haiandikwi kwenye bajeti yoyote.

Wala sidai kwamba sheria ikiwa ya Wales ndiyo bora. Mwaka 2025 Westminster ilipitisha sheria ya kufuta kwa England notisi zisizotolewa sababu. Kwetu notisi hiyo ipo bado, ya miezi 6. Waliotangulia kulinda wapangaji tulikuwa sisi; mteja wa Bristol anaweza kuwa na kinga kubwa kuliko wa Newport, nami itabidi nimweleze hivyo bila kumung'unya maneno. Ndiyo maana ya nchi kujitungia sheria: inaweza kutangulia na inaweza kuachwa. Upandikizaji wa viungo ulikwenda vivyo hivyo. Desemba 2015 Wales ilianza kumhesabu kila mtu mzima kuwa amekubali kutoa viungo akifa, isipokuwa aliyekataa, na England ikafuata Mei 2020.

Kwa Waswahili wenzangu mliopanga huku, basi. Mkishahamia, hesabuni siku 14 na mdai maandishi ya mkataba. Angalieni jina la mwenye nyumba kwenye rejista ya Rent Smart Wales, ambayo iko wazi kwa kila mtu. Mkipokea notisi, tazameni kwanza imetaja sheria ya mwaka gani na ya nchi gani, na msiguse maboksi kabla ya kumwonyesha mtu anayeijua sheria ya Wales. Kwa sasa, kazi ambayo nchi nyingine huwaachia majaji wao, hapa inaanza na mpangaji mwenyewe kusoma karatasi aliyoletewa.