Shati Jeupe na Injini Nyeusi

Katika nyumba ya marehemu baba mkubwa, huko Mwanjelwa, zimetundikwa ukutani picha mbili nilizozipiga mimi. Moja ni ya injini ya mvuke, nayo ni njema kwa kadiri ya picha zangu. Ya pili ni ya baba mkubwa mwenyewe, nayo ni mbovu, wala hakuna fundi awezaye kuitengeneza. Makosa yangu katika picha mbovu ndiyo yaliyonifundisha kupiga picha njema, na jambo hilo halijapata kunifurahisha.

Mbeya si mji wa injini za mvuke. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kwa msaada wa Wachina kati ya mwaka 1970 na 1975, na kukabidhiwa rasmi mwaka 1976, ilitufikia na injini za dizeli. Baba mkubwa alikuwa mtu wa Reli ya Kati. Aliajiriwa Tabora mwaka 1957 na Shirika la Reli na Bandari za Afrika Mashariki, akawa mchochea moto, na hata Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, akarudi kwao kulima na kufanya biashara ndogo. Dizeli aliziita masanduku ya kelele. Hata hivyo Jumapili alipenda kwenda stesheni, nje kidogo ya mji kando ya barabara kuu iendayo Tunduma, akatazame masanduku hayo yakipita.

Mwaka 1996 nilimfuata na kamera yangu mpya, niliyoinunua kwa kujinyima. Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi, akasimama mbele ya ukuta mweupe saa sita ya mchana. Wenyeji wa nyanda za juu wanalijua jua letu: hewa ni nyepesi, nuru ni kali, na vivuli ni vizito kama wino. Niliiamini kamera, nikabonyeza.

Kipimo cha nuru kilichomo ndani ya kamera ni kama karani mtiifu asiye na akili. Kimefundishwa kudhani kwamba kila kilicho mbele yake ni cha rangi ya kijivu, kirudishacho kama asilimia 18 tu ya nuru inayokiangukia. Kikioneshwa shati jeupe na ukuta mweupe, hudhani kuwa nuru imezidi, kikaamuru ipunguzwe, hata weupe ukawa kijivu. Uso mweusi uliomo katikati ya weupe ule hauulizwi. Kikioneshwa injini nyeusi hufanya kinyume chake: hudhani kuna giza, kikaongeza nuru, chuma kikapauka na mvuke ukawa pengo jeupe lisilo na umbo.

Mkanda uliposafishwa nilipatwa na huzuni. Katika mkanda wa picha nyeupe na nyeusi, mahali palipopigwa na nuru huwa peusi, na mahali pasipofikiwa na nuru hubaki wazi. Shati lilikuwa jeusi kwa alama nyingi, kila kifungo na kila mkunjo. Mahali pa uso palikuwa wazi kama maji. Palipozidi nuru, fundi mvumilivu aweza kuokoa kitu kwa kuirefusha nuru ya kuchapia. Lakini pasipoandikwa kitu hapana cha kuokoa.

Nilimpelekea picha kwa aibu. Aliitazama kwa muda, akasema, "Asante, mwanangu. Shati limetoka vizuri."

Halafu, bila kucheka, akanieleza kazi yake. Usiku, mchochea moto akifungua mlango wa tanuri na kuutazama moto moja kwa moja, hugeuka nje akiwa kipofu. Taa ya ishara yaweza kumpita asiione. Kwa hiyo, alisema, yeye aliutazama moto kwa pembe ya jicho, tena jicho moja amelifumba, alitunze kwa ajili ya giza. "Na wewe kamera yako imetazama moto," akasema.

Baadaye nilisoma vitabu, nikaona kwamba havikusema zaidi ya hayo, isipokuwa kwa hesabu. Vilinishauri nipime nuru kwa kiganja cha mkono, na hesabu yenyewe ilifanywa kwa viganja vya watu wengine. Kadi ambazo mafundi walisawazishia rangi za picha kwa miaka mingi zilikuwa na wanawake wa Kizungu. Nilisoma pia habari za O. Winston Link, Mmarekani aliyepiga picha injini za mwisho za mvuke za reli ya Norfolk and Western kati ya mwaka 1955 na 1960. Aghalabu alizipiga usiku, kwa taa nyingi zilizowaka mara moja, kwa sababu jua hakuweza kulisogeza. Mimi sikuwa na taa hata moja.

Mwaka 1998 nilipata safari ya Nairobi, nikaenda katika jumba la makumbusho ya reli. Humo mna injini nambari 3020, "Nyaturu"; za aina yake zilipewa majina ya makabila ya Afrika Mashariki, na hii ilipewa jina la watu wa Singida, majirani wa Tabora. Ilikuwa imelala baridi juani, nyeusi, na chini ya tumbo lake kivuli tupu. Safari hii sikuiuliza injini. Nilipima majani yaliyoota chini, ambayo hurudisha nuru karibu sawa na kijivu kile cha karani, nikaongeza hatua moja kwa ajili ya weusi wa chuma, na mbingu nikaiacha ipotee. Nilimaliza mikanda miwili.

Baba mkubwa aliiweka picha magotini. Kidole chake kikapita juu ya magurudumu, vyuma vya kuyasukuma, mabomba, akivitaja kimoja kimoja kwa majina ya karakana, na vyote vilionekana. Nilimwambia kwamba sasa nimejua, tutoke nje nimpige yeye kivulini, mlangoni pake. Lakini kamera ilikuwa tupu. Akasema haidhuru, nitakuja tena na mkanda.

Nilichelewa. Alifariki mwaka 2001, na picha iliyowekwa juu ya jeneza ilikuwa ile ya stesheni, kwa maana nyingine haikuwapo.

Siku hizi wajukuu, waliozoea simu zinazotafuta nyuso zenyewe na kuzitia nuru, huuliza ni nani yule. Mama mkubwa huishusha picha ukutani, akaisogeza dirishani, akaiinamisha kidogo kidogo mpaka mwanga upite juu ya weusi, ndipo unapoonekana ukingo wa sikio na kitu kama shavu. "Huyu hapa," huwaambia, kisha huirudisha msumarini.