Nani Atakayembeba wa Pili?

Mzazi wa mjini akijaliwa pacha, majirani humuuliza mambo mawili. La kwanza ni majina, na jibu lake ni jepesi, kwani hata huku Songea, mbali kabisa na Usukumani na Unyamwezini yalikotoka majina hayo, Kulwa na Doto wamekwisha kuwa pacha wa taifa zima. La pili huulizwa kwa sauti ya chini zaidi: nani atakayembeba wa pili?

Swali hilo lilinifikia kwa njia ya ujomba. Mdogo wangu wa kike, ambaye ni karani katika ofisi moja hapa mjini, alijifungua mtoto wa kiume na wa kike, nami nikiwa kaka mkubwa niliitwa katika kikao cha wazee kuzungumzia malezi. Kabla chai haijapoa, shauri lilikuwa limekwisha kukatwa. Aletwe kutoka kijijini binti wa binamu yetu, mwenye umri wa miaka 11, mwanafunzi wa darasa la tano, aje amshike mtoto mmoja wakati mama amemshika mwingine. Hakuna aliyelisema jambo hilo kwa nia mbaya. Mama mkwe wa mdogo wangu alieleza kwa upole kwamba yeye mwenyewe alilea wadogo zake mgongoni akiwa na umri mdogo kuliko huo, na kwamba binti angekula vizuri na kuuona mji.

Nilijibu kwa adabu inayostahili mbele ya wakwe. Nilisema kwamba binti huyo alikuwa amebakiwa na miaka michache tu kumaliza shule ya msingi, na kwamba Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imetaja miaka 14 kuwa umri wa chini wa mtoto kuajiriwa. Baba mmoja alinikatiza: "Nani amesema ajira? Huyu ni ndugu." Ni kweli, na hapo ndipo penye ugumu, kwa maana ndugu hana mshahara, hana siku ya mapumziko, wala hana mahali pa kushitaki. Ndipo nilipoomba nipewe muda nikatafute kigari cha kusukumia pacha, jambo lililowafanya wazee wawili wacheke waziwazi.

Kicheko hicho nilikielewa. Kwetu mtoto hubebwa. Kusukumwa ni mambo ya Wazungu wa misheni na ya picha za magazetini. Tena mbeleko haina haja ya kutetewa na mtu kama mimi. Ann Moore, muuguzi wa Marekani aliyefanya kazi Togo katika miaka ya 1960, aliona jinsi watoto walivyotulia migongoni mwa mama zao, na aliporudi kwao akabuni mbeleko ya kushonwa, akapewa hataza mwaka 1969. Mwaka 1978 madaktari wa Bogotá, nchini Colombia, waliokuwa na upungufu wa vifaa vya kuwatunza watoto njiti, walianza kuwaweka watoto hao kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, na njia hiyo sasa inatumika katika hospitali za mataifa mengi, ikiwamo Tanzania. Jambo hilo linawahusu pacha hasa, kwa kuwa aghalabu huzaliwa mapema na kwa uzito mdogo. Kwa hiyo miezi ya mwanzo ni ya kifua na mgongo, na hakuna kigari kinachoweza kuchukua nafasi hiyo.

Lakini mwili wa mama una mpaka. Mtoto wa miezi sita huwa na kilo saba hivi. Wawili ni kilo 14, mmoja mgongoni na mwingine kifuani, pamoja na mfuko wa nepi begani. Mama aliyejifunga hivyo haoni anapokanyaga. Mtu anayezijua njia za Songea, zinavyoshuka mabondeni na kupanda tena, na udongo wake mwekundu unavyoteleza masika yanapoanza mwishoni mwa mwaka, hahitaji kuelezwa maana yake.

Kuna pia suala la kalenda. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama aliyejifungua mtoto mmoja likizo ya siku 84 yenye malipo, na aliyejifungua zaidi ya mmoja kwa wakati mmoja siku 100. Yaani mtoto wa pili amekadiriwa kuwa na thamani ya siku 16. Baba hupata siku zisizopungua tatu, hata wakizaliwa wanne. Kliniki nayo haipunguzi hesabu: baada ya chanjo za kuzaliwa kuna za wiki ya 6, ya 10 na ya 14, kisha miezi 9 na miezi 18, na kila safari inawataka watoto wote wawili wafike. Mama peke yake anafikaje? Hilo ndilo pengo ambalo mgongo wa yule binti ulikusudiwa kuliziba, na ndilo nililokuwa nalo kichwani nilipokwenda Dar es Salaam kikazi na kuanza kukagua vigari.

Vipya vilinishinda bei. Cha kwanza nilichokishika kilikuwa shilingi 450,000. Nikahamia kwenye mitumba, mahali ambapo vigari kutoka Ulaya husimama kando ya baiskeli na viti vya ofisi.

Vigari vya pacha viko vya namna mbili kuu. Katika namna ya kwanza watoto hukaa ubavu kwa ubavu; katika ya pili mmoja hukaa mbele na mwenzake nyuma. Muuzaji alinisifia hicho cha pili kwa wembamba wake, na kwa hakika hupita katika kila mlango. Lakini jaribu kukivusha mtaro. Uzito wote wa mbele huyalalia magurudumu madogo, na ili kuyainua hapana budi usukani wa nyuma ukandamizwe kwa nguvu za mwanamume. Cha ubavu kwa ubavu hugawa uzito sawasawa na huwa rahisi kukiongoza, ila ni kipana. Nilichokipenda kilikuwa na sentimita 76. Nilimpigia simu mdogo wangu apime milango: wa mbele ulikuwa sentimita 85, wa chumbani 72. Tukakubaliana kwamba kigari kitaishi barazani, kikiwa kimekunjwa na kufungwa kwa mnyororo.

Ufundi wa kukunja nao una hadithi yake. Owen Maclaren, mhandisi Mwingereza aliyewahi kushughulikia mfumo wa magurudumu ya ndege ya kivita aina ya Spitfire, alibuni mwaka 1965 kigari chepesi kinachokunjwa kama mwavuli, na tangu hapo vigari vikaweza kupanda basi. Kwetu hilo ndilo la kuuliza kwanza, maana kigari kisichokunjika hakiingii katika bajaji, na bodaboda hata usiitaje.

Kisha nilitazama magurudumu. Yale madogo ya plastiki yametengenezwa kwa sakafu za maduka makubwa. Juu ya changarawe hutikisa mtoto kama mahindi kwenye ungo. Nilichagua matairi ya kujazwa upepo, kwa sababu pancha huzibwa na fundi baiskeli yeyote. Breki niliijaribu kwa kupakia mfuko wa mchele wa kilo 20 na kukisimamisha kigari kwenye mteremko. Kilitulia. Mikanda ilikuwa imekatika upande mmoja, nami nikaitumia kasoro hiyo kupunguza bei hadi 160,000, kisha fundi viatu akashona mingine. Jambo la mwisho lilikuwa viti vilale kabisa, kwani mtoto asiyeweza kukaa mwenyewe hapaswi kuwekwa kwenye kiti cha wima: kichwa huangukia kifuani na pumzi ikabanwa. Kigari kilisafiri katika buti la basi kupitia Makambako na Njombe, zaidi ya kilomita 900, nacho kilifika na vumbi tu.

Wazee walikizunguka kwanza kama watu wanaokagua ng'ombe. Aliyekishika kabla ya wote ni yule mama mkwe. Alikisukuma hadi getini na kurudi, akasema kwamba kwa chombo hiki yeye mwenyewe angeweza kukaa na wajukuu likizo ya mama itakapokwisha, maana miguu bado anayo. Kilichomwishia ni mgongo. Hapo ndipo nilipotambua kwamba mkutano mzima ulikuwa umepanga kazi kwa kuhesabu migongo, na bibi aliachwa nje ya hesabu kwa sababu hiyo tu. Binti wa binamu yetu hakuletwa. Mwaka huu yuko darasa la sita.

Sasa bibi huwapeleka pacha kliniki akifuatana na kigari, na mchana huwasukuma hadi karibu na ofisi ya mama yao ili wanyonye, katika zile saa mbili za kunyonyesha ambazo sheria hiyohiyo inamtaka mwajiri azitoe kwa siku. Mambo mawili tu tumemkataza: kutundika kikapu cha sokoni kwenye mpini, kwa kuwa mtoto mmoja akishushwa kigari hubinukia nyuma, na kufunika viti kwa kanga nzito wakati wa jua, maana ndani huwa kama tanuri. La kwanza amelikubali. La pili bado tunabishana.

Jirani yetu wa nyumba ya tatu hana pacha, ila watoto wake wawili wamefuatana kwa miezi 15. Amekwisha kuniuliza kama nikienda tena Dar es Salaam naweza kumtafutia. Nilimweleza kwamba kwake yeye chenye kiti cha mbele na cha nyuma huenda kikafaa zaidi, mkubwa akakaa karibu na usukani, kwani ubavu kwa ubavu kigari huelemea upande wa aliye mzito. Jana jioni nilimkuta akipima mlango wake kwa kamba ya katani, na bibi amesimama pembeni akimwelekeza mahali pa kufunga fundo.